SOMO: Mjue mapema ng'ombe atakayeugua baada ya kuzaa

Wafugaji wenzangu, ng'ombe anayeugua baada ya kuzaa mara nyingi alishaanza kuonyesha dalili wiki 2 au 3 nyuma. Dalili hizo ziko horini.

Hatua ya 1: Mpime unene unapomkausha, yaani unapoacha kumkamua, kama siku 60 kabla ya kuzaa. Kwa kipimo cha 1 (amekonda sana) hadi 5 (amenona sana), awe 3 hadi 3.5. Aliyenona kupita hapo hupoteza hamu ya kula karibu na kuzaa, mwili unayeyusha mafuta mengi na ini linazidiwa. Hiyo ndiyo ketosisi. Lakini usianze kumkondesha wakati huo, utaileta hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Hii ndiyo kubwa, na haigharimu chochote. Wiki 3 za mwisho, kila siku saa ile ile, simama nyuma yake upande wa kushoto. Tazama pale nyuma ya ubavu wa mwisho, mbele ya nyonga. Pakijaa, amekula. Pakibonyea hadi ngozi inaingia ndani chini ya mifupa ya mgongo, hajala vya kutosha. Ukiona hivyo siku 2 mfululizo, mtie alama: huyo yuko hatarini kupata ketosisi na uchafu wa kizazi. Mtazame pia akicheua. Mwenye afya hutafuna tonge moja mara 50 hadi 70. Siku yenyewe ya kuzaa kula hupungua kwa kawaida, usiihesabu.

Hatua ya 3: Angalia historia. Mzao wa 3 na kuendelea, Jersey, au aliyewahi kupata homa ya maziwa (kalsiamu kushuka mwilini wakati wa kuzaa): mwambie daktari wa mifugo kabla hajazaa.

Hatua ya 4: Akishazaa, mpime joto kila asubuhi kwa siku 10. Likizidi nyuzi 39.5, mwite daktari.

MASWALI

Swali: Mwalimu, wangu kazaa jana, masikio ya baridi, anapepesuka, ila joto haliko juu. Nisubiri kesho?
Jibu: Usisubiri, ndugu yangu. Kalsiamu imeshuka, hiyo ndiyo homa ya maziwa. Daktari aje sasa, maana dawa ya mshipani huingizwa polepole, ikienda haraka inaweza kusimamisha moyo. Akiwa ameshalala, mkalishe kifuani, asilale ubavu. Na usimnyweshe kitu kwa chupa, kitaingia mapafuni.

Swali: Kondo la nyuma linaning'inia, saa 30 sasa. Nilivute?
Jibu: Hapana kabisa, utamjeruhi kizazi. Akiwa anakula na hana homa, endelea kumpima joto. Homa au uchafu unaonuka ukitokea, daktari.

Swali: Sina kifaa cha kupima ketoni kwenye damu.
Jibu: Ketoni hutokana na yale mafuta mwili unayoyeyusha. Ukikipata kifaa, milimoli 1.2 kwa lita na zaidi ni tatizo. Kwa sasa, mtazame anayekataa pumba huku akila nyasi, maziwa yanashuka na anakonda haraka. Wengine pumzi hunukia kama matunda, ila si kila pua inaisikia harufu hiyo, kwa hiyo usiitegemee peke yake.