Namna ya kulinganisha ukarimu wa watu katika miji ya Marekani

Mimi ni muuguzi wa mikataba. Hospitali inakuchukua kwa muda, mara nyingi wiki 13, ukimaliza unafunga mizigo unahamia mji mwingine. Ndiyo maana wenzangu huniuliza: watu wa kule wakoje? Kumjibu mtu kwamba Kusini ni wakarimu na New York ni wakali hakumsaidii anayetafuta pa kuishi. Apime mwenyewe, na apime mambo matatu bila kuyachanganya: adabu, msaada na urafiki. Mji unaoongoza kwa moja huweza kushika mkia kwa jingine.

Adabu ni rahisi. Tembea kwa miguu jioni kwenye mtaa wa makazi, uone wangapi wanakusalimu. New Orleans, aliyekaa barazani kwake atakusalimu hata kama hakujui. Pittsburgh, tazama makutano ya barabara: taa ikiwaka kijani, madereva wengi humwachia gari la kwanza la upande wa pili likate kushoto kabla yao, ingawa sheria haiwalazimishi. Panda na basi, usikilize kama abiria wanamshukuru dereva wakishuka.

Kwenye msaada kuna utafiti mzuri wa kuanzia. Mapema miaka ya 1990, mwanasaikolojia Robert Levine na wasaidizi wake walizunguka miji 36. Waliangusha kalamu njiani, wakajifanya vipofu wanaotaka kuvuka barabara, wakaomba kuvunjiwa chenji. Rochester, mji ulio katika jimbo la New York, ukawa wa kwanza. Jiji la New York likawa la mwisho. Kadiri watu walivyosongamana ndivyo msaada ulivyopungua.

Nayaheshimu matokeo hayo, lakini nenda kasimame kwenye ngazi za stesheni ya treni ya chini ya ardhi New York, zile zisizo na lifti, mama anapofika na kigari cha mtoto. Kabla hajaomba, mtu amekwishashika upande wa mbele. Wanapanda pamoja, wakifika juu anakitua, anaondoka bila kusema neno. Kwenye adabu angepata sifuri, na mimi nampa alama zote za msaada. Kwa hiyo ukiwa New York uliza njia moja kwa moja, bila salamu ndefu. Watu wana haraka, lakini watakuelekeza.

Urafiki unataka muda. Seattle na Minneapolis wageni hulalamika jambo lilelile: wenyeji waungwana, wanatabasamu, ila kukaribishwa nyumbani ni nadra. Mtu akikwambia mtafutane siku moja, taja palepale siku, saa na mahali, kisha uone kama atatokea. Na Minneapolis usiihukumu kwa Januari pekee. Baridi ikikaza, watu wa katikati ya mji hupita kwenye vivuko vya ghorofani vinavyounganisha majengo, ukitazama barabarani utadhani wamehama.

Kipimo kiwe kimoja kila mahali: siku ileile ya juma, saa ileile, aina ileile ya mahali. Houston watu wengi huenda kwa gari, kwa hiyo kuhesabu salamu za wapita njia ni kuwaonea. Pima kwenye foleni ya dukani, kanisani au msikitini. Halafu linganisha mtaa kwa mtaa, maana mji mmoja una tabia nyingi. Sikiliza zaidi wanaofanana nawe. Mimi ni mweusi mwenye lafudhi, na mwenzangu mzungu wa wodi moja nami aliwahi kunisimulia mtaa niliokaa nisiutambue kabisa.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote nilikipata kazini. Mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa upasuaji mdogo haruhusiwi kuondoka peke yake, lazima aje mtu wa kumpeleka nyumbani. Kuna anayechukuliwa na jirani, na kuna anayepekua simu yake kwa muda mrefu akikosa wa kumpigia. Basi waulize wakazi: siku hiyo ikikufika, atakuja nani? Anayetaja jirani au rafiki wa hapohapo mjini papo kwa papo, uupe mji wake alama kamili. Anayesita, muulize kwanza amehamia lini, ndipo uandike.