Kibofu kimejeruhiwa wakati wa kukwangua tezi dume: namna ya kupanga daraja la jeraha

Wazee wanaotufikia Tanga kutoka Pangani, Muheza au Lushoto mara nyingi wamekaa na mpira wa mkojo muda mrefu. Kibofu kilichosukuma mkojo kwa shida miaka mingi hufanya mikunjo na vifuko, na hivyo ndivyo hudanganya macho.

1. Simama. Acha kukata, mwaga maji ya kusafishia yaliyomo kibofuni, angalia tena kwa maji machache.

2. Kina. Nyuzi za misuli zikionekana, ukuta bado haujatoboka. Ukiona mafuta ya manjano, umetoboka. Mdomo wa kifuko una kingo laini zilizofunikwa na utando. Tundu la jeraha lina kingo zilizochanika. Ukivichanganya, utamfungua mzee tumbo bure.

3. Ndani au nje ya peritoneo, yaani utando unaozunguka matumbo. Hapa usikimbie. Linganisha maji yaliyoingia na yaliyotoka; mtu mmoja aandike kila chupa tangu mwanzo, asikadirie. Napendelea sana ganzi ya mgongo, kwa sababu mgonjwa aliye macho husema mwenyewe. Maumivu chini ya kitovu huelekeza nje. Akisema, "Daktari, bega linauma," fikiria maji yamefika chini ya diaframu, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Ganzi ikipanda huweza kuficha maumivu ya tumbo, lakini ya bega hupita kwenye neva itokayo shingoni. Tumbo kuvimba peke yake hakutoshi, maana hata maji ya nje ya peritoneo hulivimbisha.

Thibitisha kwa sistogramu, yaani eksirei ya kibofu kilichojazwa dawa inayoonekana kwenye picha. Dawa iingie kwa mteremko wa dripu, angalau mililita 300. Ukiweka 100 tu, tundu linaweza lisionekane. Piga picha kibofu kikijaa, kisha nyingine baada ya kukimwaga, kwani dawa iliyovuja nyuma hufichwa na kibofu kilichojaa. Ikizunguka matumbo, ni ndani. Ikibaki kando ya kibofu kama ndimi za moto, ni nje.

4. Daraja. Pima upana wa kitanzi cha waya cha kukatia tezi kwa rula kabla ya kuanza, kiwe kipimo chako humo ndani. Kwa mizani ya AAST, chama cha upasuaji wa majeraha cha Marekani: 1, ukuta haujatoboka, 2, nje, chini ya sm 2, 3, nje sm 2 na zaidi, au ndani chini ya sm 2, 4, ndani sm 2 na zaidi, 5, jeraha limefika shingo ya kibofu au tundu la ureta, mrija uletao mkojo kutoka kwenye figo.

Daraja la 3 linachanganya jeraha la nje, ambalo mara nyingi hupona kwa mpira wa mkojo, na la ndani, ambalo kwa kawaida hushonwa. Kwa hiyo kwenye faili usiandike namba peke yake: andika "daraja la 3, ndani, ukuta wa nyuma, sm 1".