Kuhamishia seva ya Java kwenye nyuzi pepe bila kuigandisha

Mwenzangu kazini alibadili mstari mmoja wa mipangilio ili kuwasha nyuzi pepe (virtual threads, nyuzi nyepesi zinazosimamiwa na Java yenyewe), seva ikaganda huku prosesa imekaa bure. Hatua hizi ndizo zilizoitengemaza. Ni za Linux, Java 21 kwenda juu.

1. Pima. Kwa kawaida kila uzi (thread) wa Java ni uzi kamili wa kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Endesha `grep Threads /proc/PID/status` (PID ni namba ya mchakato wa seva yako). Ukikuta mamia, na nyingi zinasubiri mtandao au kanzidata, endelea. Kama kazi yako ni mahesabu matupu, ishia hapa. Nyuzi pepe haziongezi prosesa.

2. Washa. Kwenye Spring Boot 3.2: `spring.threads.virtual.enabled=true`.

3. Tafuta nyuzi zilizonasa. Nyuzi pepe hupanda juu ya nyuzi chache za kerneli, tuziite wabebaji. Idadi yao ni sawa na prosesa ambazo JVM (mashine inayoendesha kodi ya Java) inaziona. Uzi pepe ukianza kusubiri mtandao, hushuka na mbebaji akapakia mwingine. Ila katika Java 21 hadi 23, ukisubiri ukiwa ndani ya `synchronized` (kufuli la Java linaloruhusu uzi mmoja kwa wakati) haushuki, yaani umenasa: ni abiria wa bodaboda anayepiga soga dukani huku bado kakalia pikipiki.

Kwenye laptop yenye kore 8 hutaona kitu. Kwenye kontena lililowekewa kikomo cha prosesa 1, mbebaji ni mmoja, kwa hiyo uzi mmoja tu ukinasa unasimamisha wote. Ndicho kilichotukuta, na kufuli lilikuwa ndani ya draiva ya zamani ya kanzidata, si kwenye kodi yetu.

`jstack`, zana ya kuorodhesha nyuzi, itakupotezea muda, haiorodheshi nyuzi pepe. Tumia:

`jcmd PID Thread.dump_to_file -format=json /tmp/nyuzi.json`

Kama seva inakwama na kuachia, rekodi kwa JFR (Java Flight Recorder, kinasa matukio cha Java), kisha:

`jfr print --events jdk.VirtualThreadPinned /tmp/rekodi.jfr`

Angalia mambo mawili. Tukio hilo huandikwa uzi unapoachiwa, kwa hiyo seva iliyoganda moja kwa moja haitaonyesha chochote. Hapo rudi kwenye `jcmd`. Pia kunasa kwa chini ya milisekunde 20 hakurekodiwi usiposhusha kiwango hicho.

Wengi hushauri ubadilishe kila `synchronized` iwe `ReentrantLock`, kufuli lisilonasa. Mimi sikubali: draiva ya watu utaiandika upya? Hamia Java 25. Tangu Java 24, Machi 2025, `synchronized` hainasi tena, ingawa kodi ya C inayoitwa kupitia JNI bado inanasa. Kuongeza `-Djdk.virtualThreadScheduler.parallelism=4`, yaani wabebaji wanne, kunapunguza makali tu.

4. Weka kikomo kingine. Tomcat, seva ya wavuti iliyo ndani ya Spring Boot, ilikuwa inakulinda kwa nyuzi zake 200. Sasa maombi yote yanaingia kwa pamoja, na HikariCP (bwawa la konekisheni za kanzidata) usipoigusa ina konekisheni 10: atakayesubiri zaidi ya sekunde 30 anapata kosa. Weka `Semaphore` (kihesabu kinachoruhusu idadi fulani tu kupita) mlangoni, na usizitengenezee nyuzi pepe bwawa (pool).