SOMO: Winda za kitambaa na kumzoesha mtoto kojo mapema

Haya shoga zangu, somo mloliomba ndo hili, lisomeni lote ndo muulize, ingawa najua mtauliza kabla. Na nnasema mapema mie si adui wa pampasi, siku unapanda boti kwenda Dar mvalishe pampasi ustarehe. Ila nyumbani winda, yaani nepi ya kitambaa, ina jambo moja watu hawalisemi: mtoto akikojoa unajua saa hiyo hiyo, na yeye mwenyewe anajua. Pampasi inafyonza, mtoto yuko mkavu, wewe umekaa huna habari. Ndo maana winda na kojo nafundisha pamoja, ukivitenga unajiongezea kazi.

HATUA YA 1: VITAMBAA
Bafta, flana, taulo jepesi, na kanga kuukuu, tena kwa mtoto mchanga kanga kuukuu inazishinda zote maana ishalainika. Kata mraba wa kama sentimita 60 kila upande, pinda kingo zisichanike. Kichanga kinabadilishwa mara 10 mpaka 12 kwa siku, kwa hiyo ukiwa unafua kila siku uwe na 20 mpaka 24. Kitambaa kipya kifue kwa maji moto mara tatu nne kabla hujamfunga mtoto, pamba mpya ina mafuta yake na ile wanga ya kiwandani, haifyonzi. Watu wanakitoa sokoni Darajani wanamfunga mtoto moja kwa moja, mkojo unateleza mpaka mgongoni, kisha wanasema winda hazifai.

HATUA YA 2: KUFUNGA
Kunja pembetatu, wa kiume mzidishie mkunjo mbele. Kitovu kama hakijaanguka funga chini yake kisisuguliwe. Ukitia pini, weka kidole chako baina ya kitambaa na ngozi, ikichoma ikuchome wewe. Na miguu jamani msiinyooshe mkaikaza! Mtoto mchanga magoti yanajikunja na mapaja yanapanuka wenyewe, nyonga zake zinataka hivo, sasa kuna bibi zetu wanakaza wakisema asije akawa na matege, mwambie tu kwa adabu, bibi nipe mie nimfunge. Ile suruali ya plastiki ya juu ni ya kutokea, ndani mwache bila, joto la kaskazi na plastiki ni vipele tu.

HATUA YA 3: KUFUA
Choo kipukute chooni, suza kwa maji baridi kwanza, maji moto yanashikisha doa. Ndoo ya kurowekea iwe na mfuniko na iwe juu, mtoto anaetambaa anazama hata kwenye maji kidogo. Kisha sabuni ya mche, kidogo. Maji ya visima vyetu vingi yana chokaa au chumvi, sabuni haitoi povu inaganda kwenye nguo, kwa hiyo maji ya mvua yakipatikana yaweke ya kusuzia mwisho. Winda ikinuka kali mara tu akikojoa, mara nyingi sabuni imebaki. Zile dawa za kulainisha nguo usitie, zinazuia kufyonza, hata mafuta ya nazi ukimpaka mengi yanafanya hivo hivo. Doa la manjano usihangaike nalo, anika mbichi juani litapauka.

HATUA YA 4: KOJO
Subiri utoke arubaini, uwe na nguvu zako. Mwanzo tazama tu: karibu watoto wote wanakojoa wakishaamka, na choo kinakuja akinyonya au muda mdogo baadae, kwa sababu tumbo likipokea maziwa utumbo nao unaanza kusukuma. Ndo saa zako hizo. Kaa chini unyooshe miguu, mweke baina ya mapaja yako mgongo wake kifuani kwako, mtolee sauti ya kojo, sssss, ile ile kila siku. Kwa choo mgeuze akutazame, akae juu ya miguu yako. Akitoa msifu, asipotoa baada ya dakika moja mbili mwinue, basi.

Msiseme ni mambo ya kizamani. Mwaka 1977 watafiti waliandika kuhusu Wadigo, majirani zetu wa pwani ya Kenya: mama anaanza mtoto ana wiki mbili tatu, na miezi 5 au 6 wengi wakavu mchana na usiku. Lakini fahamuni, mkavu kwa kusaidiwa na mama anaejua ishara zake, si kwamba kitoto kinakwenda chooni peke yake!

MASUALI

Mama Kijacho, Wete: Masika je? Huku zitakauka vipi?
– Achana na taulo nene miezi hiyo, tumia kitambaa cha safu moja unachokikunja mwenyewe, kinakauka upesi. Anika barazani penye upepo, malizia na pasi. Na uzidishe idadi.

Ummu Wawili: Samahani dada, nasali vipi nguo imeingia mkojo kila saa?
– Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mtoto wa kiume hajatimiza miaka 2 na chakula chake ni maziwa tu, unanyunyizia maji yaenee pale palipoingia. Wa kike, au wa kiume alokwishaanza kula uji, unafua. Choo ni kufua kwa wote. Mie naweka kanga ya sala mbali, kabatini.

Mpemba Halisi: Mie niko kazini mpaka saa tisa, mtoto anashinda na bibi yake.
– Fanya akiamka asubuhi na ukirudi. Bibi mpe sauti ile ile, ingawa nadhani yeye ndo atakufundisha wewe.

Mama Shufaa: Wangu miezi 10 alikuwa anatoa vizuri, sasa nikimweka anajikaza analia.
– Anajifunza kutambaa au meno yanatoka, wengi wanagoma hapo. Muache siku kadhaa, usimlazimishe na usimpige, akiogopa ataanza kukizuia choo kiwe kigumu, na hilo ni tabu kubwa kuliko kufua. Tazama pia kama choo kishakuwa kigumu, hapo tatizo ni tumbo.

Mama Kijacho, Wete: Na vipele vyekundu kwenye mikunjo, nimtie poda?
– Poda usitie, anaivuta puani. Mwache wazi, mkavu, umbadilishe mara kwa mara. Vikiwa vyekundu sana na vidoadoa pembeni inaweza kuwa fangasi, mpeleke kituo cha afya apewe dawa yake.