Amita na Voltimita za Gari la Zamani: Kuzisoma, Kuzikagua na Kuzifunga

Umeme wote unaoingia na kutoka kwenye betri, isipokuwa wa stata, hupita ndani ya amita, kipimo cha ampea. Voltimita haibebi mzigo. Hupima volti tu. Vipimo vilivyotajwa hapa ni vya mfumo wa volti 12.

1. Soma mishale. Injini ikiwa imezimwa, washa taa kubwa. Mshale wa amita uende upande wa kutoa. Ukienda upande wa kuchaji, waya mbili za nyuma zimefungwa kinyume, zibadilishe. Ukiwasha injini utaruka upande wa kuchaji, kisha urudi taratibu karibu na sifuri kadiri betri inavyojaa. Hiyo sifuri si ubovu. Voltimita isome kama 12.6 betri ikiwa imejaa na kutulia, na 13.8 hadi 14.4 injini ikizunguka. Ikipita 15, kidhibiti chaji kimekufa na betri itachemka.

2. Kagua nati za amita. Usiiruke hatua hii, maana joto linaloyeyusha waya za dashibodi mara nyingi huanzia hapa. Taa kubwa na feni zikiwaka, weka multimita kwenye volti za DC na uguse nati zote mbili za amita, ncha moja kila upande. Ncha zisiguse bodi: mara nyingi waya hizi hazina fyuzi. Ikizidi volti 0.2, kuna kutu au nati imelegea. Ampea 20 zikipoteza volti 0.5 huzaa wati 10 za joto kwenye nati ndogo kuliko ukucha. Mpira wa waya hukauka, hugeuka kahawia, hupasuka. Toa waya wa betri unaokwenda kwenye bodi, piga msasa, kisha kaza kwa kiasi. Ukizidisha, skrubu huzunguka ndani na kuvunja kizuizi chake.

3. Alteneta (mashine inayochaji betri) ikiwa na ampea nyingi kuliko amita (mfano 60 kwa 30), ondoa amita kwenye njia ya umeme. Toa betri, unga waya mbili za amita kwa bolti moja, zifunike vizuri. Voltimita usiifunge katikati ya waya hizo: haipitishi mkondo, gari zima litazimika. Waya wa kuchaji nao uwe mnene wa kutosha alteneta hiyo.

4. Funga voltimita. Upande mmoja kwenye waya unaopata umeme swichi ikiwashwa, kupitia fyuzi ya ampea 1 au 2. Mwingine kwenye bodi. Ikisoma chini ya multimita iliyo kwenye betri kwa nusu volti, tafuta hitilafu kwenye swichi au muungo wa bodi kabla ya kununua alteneta.