Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuruka: Rubani wa Lancaster, 1943

Tuseme ni mwaka 1943. Uko kwenye kambi ya ndege za kivita Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, na usiku huu unaongoza Lancaster, ndege ya mabomu yenye watu 7, kwenda kupiga mabomu viwanda vya Ruhr, Ujerumani. Ukitunguliwa juu ya Ubelgiji au Ufaransa, nchi zilizotekwa na Wajerumani, sehemu kubwa ya bahati yako ya kurudi nyumbani itakuwa imeshaamuliwa hapo kambini, injini hazijawashwa bado.

Anza na mifuko. Toa barua ya mchumba, toa tiketi ya basi, toa kipande cha tiketi ya sinema. Wahojaji wa Kijerumani kule Oberursel, kituo cha kuhoji marubani waliotekwa, walikuwa mafundi wa kuunganisha vikaratasi kama hivyo mpaka wakajua kikosi chako kinakaa wapi. Kitu kimoja usithubutu kukiacha ni vibati vya shingoni vyenye jina na namba yako. Ukikamatwa umevaa kiraia bila vibati hivyo, utahesabiwa jasusi, na jasusi hupigwa risasi. Ukiwa navyo, unaweza kudai haki za mfungwa wa vita chini ya Mkataba wa Geneva wa 1929.

Halafu hakikisha umepokea vifaa vya MI9, idara ya siri ya Uingereza iliyoundwa Desemba 1939 kusaidia wafungwa wa vita na askari wanaomtoroka adui. Kuna ramani ya hariri, ambayo haichakarishi ndani ya nguo wala haichaniki ikilowa. Kuna dira ndogo iliyofichwa kwenye kifungo, noti za nchi utakazopita, na kisanduku chenye chokoleti, vidonge vya maziwa, vidonge vya kusafisha maji na vya kufukuza usingizi. Wasimuliaji wengi huishia kwenye dira ya kifungo. Mimi naona buti ndizo za maana zaidi. Zile za zamani, za manyoya, zilichomoka miguuni parachuti ilipofunguka kwa kishindo, mtu akatua Ulaya peku. Buti mpya za 1943 zina kisu kidogo ndani: unakata sehemu ya juu, kinachobaki mguuni ni kiatu cheusi cha kamba kama cha karani yeyote.

Piga pia picha ndogo ukiwa umevaa kiraia, uende nayo. Watakaokutengenezea kitambulisho bandia wataihitaji. Ila msivae wote koti moja la kuazimana, maana Wajerumani nao wana macho.

Kumbuka kuwa rubani hutoka mwisho. Unashikilia usukani ndege isiyumbe mpaka wenzako waruke, kisha unateremka kwenye mlango wa sakafuni, puani mwa ndege. Zoea njia hiyo gizani. Maana yake nyingine ni kwamba utatua peke yako, mbali na wenzako. Fukia parachuti na jaketi la kuokolea, ondoka hapo upesi, kisha jifiche na uichunguze nyumba kabla ya kubisha hodi. Chagua iliyojitenga, isiyo na waya wa simu.

Tabia ndizo humponza mtu. Usitembee kwa hatua za gwaride, usichezeshe sarafu mfukoni, usitoe sigara ya Kiingereza. Na unapovuka barabara, tazama kushoto kwanza: Mwingereza amezoea magari yanayopita kushoto, kama tunavyozoea sisi Kenya na Tanzania, lakini kule yanapita kulia.

Jambo zito zaidi ni wenyeji watakaokuficha. Wewe ukikamatwa, vibati vikakubaliwa, unapelekwa kambi ya wafungwa. Wao ni kunyongwa, kupigwa risasi au kupelekwa kambi za mateso. Kwa hiyo usiandike jina wala anwani popote. Wajerumani hupenyeza maajenti wanaojifanya marubani walioanguka, kwa hiyo jiandae kuhojiwa vikali na wenyeji hao hao. Kwa Mjerumani unataja jina, cheo na namba, basi. Kwa mwenyeji, ubishi wa namna hiyo unaweza kukutoa roho. Mweleze anachouliza kuhusu kambi yako na maisha ya huko.

Njia ya Comet, mtandao wa siri wa kutorosha askari kutoka Brussels hadi Hispania, ilianzishwa 1941 na Andrée de Jongh, binti wa miaka 24. Agosti mwaka huo alitokea kwenye ubalozi mdogo wa Uingereza Bilbao akiwa na askari mmoja Mwingereza na Wabelgiji wawili, wote wamevuka kwa miguu milima ya Pyrenees, mpakani mwa Ufaransa na Hispania. Alikamatwa Januari 1943, akapelekwa kambi ya mateso ya Ravensbrück, akanusurika. Baadaye alihudumia wagonjwa wa ukoma Kongo ya Wabelgiji. Mbele yako kuna milima hiyo hiyo, usiku, nyuma ya kiongozi wa njia wa Kibaski, mwenyeji wa milima hiyo, asiyesubiri mtu, kisha mto Bidasoa wa mpakani. Desemba 1943 mto huo ulifurika ukaua Mmarekani mmoja wa kikosi cha anga pamoja na mmoja wa viongozi wa Comet. Basi fanya mazoezi ya miguu mapema, na kama hujui kuogelea, jifunze.

Ukifika Gibraltar, ngome ya Waingereza kusini mwa Hispania, na kurudishwa London, MI9 watakuhoji. Usitarajie kupangiwa tena kuruka juu ya Ufaransa: ukianguka mara ya pili, unajua nyuso na nyumba nyingi mno.