Mvua zikianza, kagua masikio ya mbwa

Dodoma mvua zikishashika, kwa kawaida Desemba, nyasi huchipua na kupe nao huongezeka. Mkague mbwa kila jioni: ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, kwapani, hata katikati ya vidole, wanapopenda kujificha. Ukimkuta kupe, mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumpinda. Mafuta ya taa hapana.

Na jamani, dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake paka! Yenye kemikali ya permethrini au amitrazi inaweza kumuua. Mbwa aliyetoka kuogeshwa mtenge na paka mpaka akauke. Mbwa akigoma kula na fizi zikapauka, mwahishe kwa daktari wa mifugo.